Shtaka linasemaje? Maswali ya wasomaji kuhusu ukahaba, kuita wateja barabarani na sheria

Barua za mwezi huu zimetoka Nairobi, Mombasa, Mtwapa na Busia. Kila msomaji ameuliza kivyake, lakini zote zinarudi palepale: watu wanakamatwa kwa "ukahaba", ilhali ukifungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, hukuti kifungu kinachosema kwamba mtu mzima kuuza mwili wake ni kosa. Makosa ni yale yanayouzunguka ukahaba: kuishi kwa mapato yake, kuendesha danguro, kumtumikisha mwingine, kuita wateja hadharani. Tofauti hiyo ndiyo inayompeleka mtu rumande au kumrudisha nyumbani. Haya ni maelezo ya jumla. Mwenye kesi mahakamani amwone wakili akiwa na hati ya mashtaka mkononi.

Nilikuwa nimesimama Koinange Street saa tano usiku nikingoja gari. Kanju, yaani askari wa kaunti, wakanipakia garini. Asubuhi nilikubali kosa nikalipa faini, maana mtoto alikuwa peke yake nyumbani. Je, nilikosea? Nikishikwa tena nifanyeje? — Msomaji, Nairobi

Pole sana, dada. Hukukosea kumfikiria mtoto, ila ulikubali kosa ambalo huenda upande wa mashtaka usingeweza kulithibitisha. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Anza na sheria yenyewe. Sheria Ndogo za Kero za Nairobi za mwaka 2007, kifungu cha 19(m), zinamgusa yeyote ambaye, akiwa barabarani, anazubaa au kuwaandama watu kwa ajili ya ukahaba. Kosa hilo lina viungo viwili: kuwapo mahali, na nia. Kuwapo tu si kosa. Barabara ni ya umma saa tano usiku kama ilivyo saa tano asubuhi. Nia inathibitishwa kwa jambo ulilotenda au kusema: ulilifuata gari lipi, ulimwambia nani nini, askari alikuwa umbali gani, na mwanga ulitoka wapi. Sketi fupi haithibitishi nia. Kondomu kwenye pochi pia haithibitishi. Serikali yenyewe inazigawa bure, na hakuna sheria ya Kenya inayokataza mtu kuwa nazo.

Sasa itazame hati ya mashtaka. Ni karatasi moja, mara nyingi kwa Kiingereza. Pale kati pana sehemu mbili za kusoma kwa makini. Ya kwanza ni shtaka: jina la sheria, mwaka na kifungu. Ya pili ni maelezo ya kosa: tarehe, mahali na kile ulichofanya. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka maelezo hayo yatoshe kumfanya mshtakiwa aelewe anashtakiwa kwa lipi. Hati nyingi za kesi hizi hunakili tu maneno ya sheria ndogo, "alipatikana akizubaa kwa ajili ya ukahaba", basi. Kitendo hakimo. Uliza hapo hapo mahakamani: nilifanya nini hasa?

Kukubali kosa nako kuna utaratibu, uliowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama za Kenya zinaufuata hadi leo. Shtaka na viungo vyake vyote visomwe kwa lugha unayoielewa. Jibu lako liandikwe kwa maneno yako kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka asimulie tukio, nawe upewe nafasi ya kulipinga au kuongeza neno. Ukipinga, iandikwe kwamba umekana. Ukiona mnasomewa kwa mkupuo, watu kumi kizimbani, na karani anauliza tu "kweli au si kweli?", sema wazi kwamba hujaelewa. Na ujue kwamba anayesema "ni kweli nilikuwa pale, nikingoja gari" hajakubali kosa. Hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.

Kwa nini tunalishikilia hili? Kwa sababu ukishakubali, kifungu cha 348 cha sheria hiyo ya mwenendo kinakufungia rufaa dhidi ya hatia. Unabaki kulalamikia adhabu, labda uonyeshe kwamba kukubali kwako hakukuwa kwa wazi. Rufaa ina siku 14 tu tangu uamuzi, ingawa mahakama yaweza kuongeza muda ukiwa na sababu nzuri. Kama siku hizo hazijakwisha, omba nakala ya mwenendo wa kesi kwenye masjala ya mahakama leo, usingoje kesho.

Ukishikwa tena, Ibara ya 49 ya Katiba ndiyo ngao yako ya kwanza. Uambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikimalizika wakati mahakama imefungwa, unafikishwa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa usiku hujikuta akilala seli hadi Jumatatu. Kwa hiyo omba dhamana ya polisi mapema, usingoje mahakama. Ibara hiyo hiyo, kifungu kidogo cha 2, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi ya sheria ndogo yamo humo. Itaje kwa sauti mbele ya hakimu.

Askari wa kaunti hana ruhusa ya kukuzungusha mjini ndani ya gari mpaka upatikane "uelewano". Kazi yake ni kukufikisha kituoni au mahakamani bila kukawia. Ukifika kituoni, hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha OB, yaani daftari la matukio la polisi, na nakili nambari yake. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai stakabadhi, kwa maana hizo ni pesa za kurudishwa kesi ikiisha. Pesa isiyo na stakabadhi ni hongo, hata kama aliyeipokea ameiita dhamana. Na ukiambiwa upimwe virusi vya UKIMWI kituoni, kataa: sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika hali chache kama ya aliyeshtakiwa kwa kosa la kingono. Kuzubaa barabarani si mojawapo.

Je, bunge la kaunti ya Nairobi halikupiga marufuku ukahaba mwaka 2017? — Msomaji, Kariobangi

Lilipitisha hoja, Desemba 2017. Hoja ni kauli ya bunge kuitaka serikali ya kaunti ichukue hatua. Haiundi kosa jipya. Sheria ya kaunti hupita kama mswada, na Ibara ya 199 ya Katiba inasema haianzi kutumika mpaka ichapishwe katika Gazeti rasmi la Serikali. Mtu hawezi kushtakiwa kwa hoja. Hati yako ikikosa jina la sheria, mwaka na kifungu, lalamika kabla hujajibu lolote.

Mimi ni dereva wa tuk-tuk. Nina akina dada ninaowapeleka klabu na kuwarudisha alfajiri. Askari mmoja ameniambia naishi kwa mapato ya ukahaba na nitafungwa. Ni kweli? — Msomaji, Likoni

Si kweli kwa jinsi ulivyoeleza, lakini kifungu anachokitaja kipo, tena kina meno. Kifungu cha 153 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mwanamume anayeishi kwa kujua, kwa sehemu au kwa ukamilifu, kwa mapato ya ukahaba, au anayewaandama watu tena na tena mahali pa umma kwa nia ya uasherati. Sheria inalihesabu hilo kosa kubwa la jinai. Kinachotisha zaidi ni kifungu kidogo cha 2: ikithibitika kwamba mwanamume anaishi na kahaba, au yuko naye kila mara, au anaongoza mienendo yake kwa namna inayoonyesha anamsaidia au kumlazimisha katika kazi hiyo, mahakama inamchukulia kuwa anaishi kwa mapato hayo mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Mzigo wa kujieleza unakuangukia wewe.

Mpaka uko wapi? Mahakama ya juu ya Uingereza, House of Lords, ililichambua neno hili mwaka 1961 katika kesi ya Shaw, na majaji wa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza bado wanairejelea. Muuza duka anayemuuzia kahaba mkate haishi kwa mapato ya ukahaba, ijapokuwa pesa imetoka huko. Anayeishi kwayo ni yule ambaye biashara yake na kahaba isingekuwapo lau mtu huyo asingekuwa kahaba. Dereva anayetoza nauli ileile kwa muuguzi, mpishi na dada wa klabu yuko upande wa muuza duka. Dereva anayewatafutia wateja, anayepokea sehemu ya kila mteja, au anayetoza mara tatu kwa sababu ya kazi yao, amevuka.

Kwa hiyo weka nauli moja kwa watu wote. Pokea kwa M-Pesa, ili taarifa yako ionyeshe abiria wengi wa kila namna. Usimtunzie mtu pesa zake, wala usikae na kitambulisho chake, hata akikuomba kwa nia njema. Kushika kitambulisho cha mtu kunasomeka kama kumdhibiti, na hapo unaingia katika kifungu cha 17 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kinachomhusu anayemshawishi mwingine kuingia ukahaba na kuendesha shughuli zake ili apate faida. Adhabu yake haipungui miaka 5, au faini ya shilingi 500,000, au vyote viwili.

Kwa wanawake kuna kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, nacho kimeandikwa vibaya. Kinamtaja mwanamke "anayeishi kwa mapato ya ukahaba" bila kusema ni ukahaba wa nani, kwa hiyo baadhi ya polisi humshtaki nacho mwanamke kwa pesa alizozipata mwenyewe. Tunaona huo ni usomaji mbaya. Malawi ina kifungu kinachofanana nacho, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Zomba ilifuta hatia ya wanawake 19 waliotiwa hatiani kwacho, ikieleza kwamba kifungu kiliwekwa kuwalinda wanawake dhidi ya wanaowanyonya, si kuwaadhibu wao. Uamuzi wa Malawi haumfungi jaji wa Kenya, lakini wakili anaweza kuutumia kumshawishi. Autumie pamoja na maoni ya ushauri ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yaliyotolewa Arusha Desemba 2020, yaliyosema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika.

Anayenunua anashtakiwa kwa nini? Naona wanaoshikwa ni wanawake tu. — Msomaji, Mombasa

Hakuna kosa la kitaifa la kununua ngono kutoka kwa mtu mzima aliyeridhia. Ila sheria ndogo za miji zinasema "mtu yeyote". Mwaka 2011 sheria ndogo za Mombasa zilipingwa mbele ya Mahakama Kuu kwa madai kwamba zinawabagua wanawake. Mahakama ilikataa, ikisema zinawahusu wanaume na wanawake sawasawa. Basi mwanamume anayesimamisha gari, akashusha kioo na kuuliza bei, anaweza kushtakiwa kama yule aliyesimama kando ya barabara. Kwamba haitendeki hivyo mitaani ni udhaifu wa utekelezaji, na wakili anaweza kuujengea hoja: operesheni moja, mahali pamoja, kwa nini waliofikishwa kizimbani ni wanawake peke yao?

Nimekodisha gesti yangu ya vyumba kumi na viwili kwa mtu. Majirani wanasema imekuwa danguro. Nikiifunga kwa nguvu nitakuwa salama? — Msomaji, Mtwapa

Usiifunge kwa nguvu, mzee wetu. Utajiongezea kesi ya pili. Lakini usinyamaze pia. Kifungu cha 156 cha Kanuni ya Adhabu kina vipengele vitatu. Cha kwanza kinamnasa anayeendesha danguro au kusaidia kuliendesha, na mpokeaji wageni anayekatiwa kamisheni na akina dada kwa kila chumba asidhani yuko nje yake. Cha pili kinamnasa mpangaji au msimamizi anayeruhusu kwa kujua. Cha tatu ndicho chako: mwenye nyumba, au wakala wake, anayekodisha akijua, au anayeachia matumizi hayo yaendelee kwa hiari.

Neno lenye uzito ni "kujua". Kabla majirani hawajakuambia, huenda hukujua. Baada ya kuambiwa, kila mwezi unaopokea kodi bila kuchukua hatua unakuwa ushahidi dhidi yako.

Danguro lenyewe ni nini? Kwa sheria ya Kiingereza tuliyoirithi, mwanamke mmoja anayepokea wanaume chumbani mwake hakifanyi chumba hicho kuwa danguro. Mahakama ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1895 katika Singleton dhidi ya Ellison. Panahitajika zaidi ya mmoja wanaotumia mahali hapo kwa kazi hiyo. Vilevile, wageni kukodi chumba kwa saa mbili hakutoshi kuithibitisha gesti kuwa danguro, ingawa kukiungana na mambo mengine kunaleta picha.

Fanya hivi. Mwandikie mpangaji barua yenye tarehe, umweleze malalamiko na kumtaka ajibu kwa maandishi. Baki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Akikaidi, kumbuka kwamba nyumba inayolaza watu wazima 5 au zaidi kwa malipo inahesabiwa kuwa hoteli chini ya Sura ya 301, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka na hoteli. Kama mkataba wenu haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, upangaji huo unalindwa. Lazima utoe notisi kwa fomu ya sheria, isiyopungua miezi 2, ukitaja sababu. Matumizi mabaya ya jengo ni sababu inayokubalika. Mpangaji akipinga, shauri huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Kinachoharibu kesi nyingi hapa ni notisi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kawaida badala ya fomu: baraza linaitupa, na miezi inaanza kuhesabiwa upya.

Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, hakuna kungoja notisi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinamfunga kwa miaka isiyopungua 10 yule anayemwacha mtoto akae mahali kwa ajili ya ngono, anayemtafutia wateja, au mwenye mamlaka juu ya jengo linalotumika hivyo kwa kujua. Mtoto hana kosa, ni mwathiriwa. Ukisikia fununu, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, siku hiyo hiyo.

Mimi hufanya biashara pande zote mbili za mpaka. Sheria ni ile ile? — Msomaji, Busia

Hapana, na hatua chache zinabadilisha kila kitu. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inauharamisha ukahaba wenyewe, kwa kifungo cha hadi miaka 7, na inamtaja anayejitoa mara kwa mara, hadharani au kwingineko, kwa malipo. Hata chumba kimoja kinachotumika kwa kazi hiyo kinahesabika kuwa danguro. Hoja zote tulizompa msomaji wa Nairobi kuhusu barabara na nia hazitakusaidia Busia ya Uganda.

Mteja alikataa kulipa, kisha akanilazimisha bila kondomu na kunipiga. Polisi wakacheka, wakaniambia nimetaka mwenyewe. Nina haki gani? — Msomaji, Mombasa

Una haki zote za aliyebakwa, hakuna inayopungua. Tenganisha mambo mawili. Deni la malipo mahakama haitakusaidia kulidai: tangu kesi ya Pearce dhidi ya Brooks ya mwaka 1866 huko Uingereza, iliyohusu gari la farasi lililokodishwa kwa ajili ya ukahaba, mahakama hazitekelezi mikataba ya aina hiyo. Lakini kukulazimisha ni ubakaji, wenye kifungo kisichopungua miaka 10 na kinachoweza kufika maisha. Kukubaliana juu ya jambo moja kwa masharti fulani si kukubali lolote litakalofuata.

Nenda hospitali ya umma kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua. Weka nguo kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina nguvu ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inazipunguza, kwa hiyo usingoje polisi wamalize maandishi yao. Mhudumu wa afya atajaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji. Kisha nenda kituoni, upate nambari ya OB na fomu ya P3, ya polisi ya taarifa ya uchunguzi wa kitabibu, ambayo ni bure. Wakikataa kuandika, omba dawati la jinsia, au mkuu wa kituo, na unakili nambari ya kifuani ya aliyekukatalia. Malalamiko hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Simu ya 1195 nayo hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia bure.

Na kuhusu kicheko chao: kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinazuia maisha yako ya ngono ya nyuma kuletwa mahakamani bila idhini maalumu ya hakimu. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Kazi unayoifanya haimo katika vipimo hivyo.